Chupa ya Mafuta ya Mahindi

Katika chumba cha chini, Tartu, theluji imeziba nusu ya dirisha,
kuna chupa ya mafuta ya mahindi juu ya rafu,
kibandiko cha bei hakijabanduliwa.
Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu hukaanga mayai humu.
Vaike hakucheka. Alinipa glavu, jozi mbili, moja juu ya nyingine:
"Haya ndiyo maji yetu ya kuzimia moto usiowaka."

Akafungua jokofu.
Ndani ya jokofu mkebe, ndani ya mkebe chupa,
ndani ya chupa kijibomba cha kioo kilichozibwa,
na humo, fuwele za manjano yaliyopauka,
kama chumvi iliyosahauliwa juani.
"Osmiamu," alisema,
kwa sauti ya mtu aliyelazimika kumtaja mkwe kwa jina.

Hailipuki. Haitoi moshi.
Inapaa tu, bila kuaga,
ikitafuta penye unyevu, na penye unyevu ni jichoni.
"Pua usiifanye mlinzi.
Ukishasikia harufu, ile ya bwawa la kuogelea, umechelewa.
Mchana utafanya kazi, utakula, utapiga soga.
Jioni ndipo kila taa ya barabarani itavaa pete,
nawe utasema ni ukungu wa mto.
Si ukungu, mwanangu.
Ni jicho lako linageuka sampuli."

Na kazi yetu ilikuwa macho!
Macho ya samaki wa ziwa Peipsi, madogo kama punje za dengu.
Tone moja, saa moja ya kungoja,
na chini ya hadubini utando wa seli, jana hauonekani,
unajitokeza mweusi, mstari kwa mstari,
umepakwa wanja.
Kipofushacho ndicho kituoneshacho.
Hilo sikuliandika daftarini.
Daftari lina nafasi ya uzito, tarehe na saini.

Jumatatu moja ya Februari nilivuta mlango wa jokofu
na ukuta wake mweupe ulikuwa na masizi,
kana kwamba mtu ameupulizia usiku kucha.
Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama.
Nikafunga. Sikukimbia. Nikasema "Tokeni" mara moja,
na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Vaike.

Alikuja amevaa kinyago, miwani imembana mashavu.
Akauhamisha mkebe hadi kwenye kabati la kufyonza hewa,
taratibu, kama abebaye uji wa mgonjwa,
akamimina mafuta.
Tukatazama kupitia kioo:
dhahabu, kisha kahawia, kisha lami.
Yalikuwa yakila yale ambayo yangetula sisi.

Ülo, kule ukumbini, alishaanza:
"Wanafunzi hawa, wanafunzi hawa..."
Vaike akafungua rejista, akaigeuza ili wote tusome.
Ijumaa. Saa kumi na dakika kumi. V. K.
Akachukua kalamu, akaandika kwenye kitabu cha ajali:
*Kifuniko hakikukazwa. Mkono ni wangu.*
Hakuna aliyekohoa.
Aliuinua huo mkono, akautazama ukitetemeka kidogo,
mtetemeko ambao sote tulikuwa tumeuona
na kila mmoja alimwachia mwenzake auseme.
"Miaka thelathini na mmoja nimewaambia ninyi," alisema.
"Ijumaa sikujiambia."

Aliondoka Juni. Funguo alinikabidhi
zimefungwa kwa uzi mwekundu wa sufu, bila hotuba.
Sasa nikikaza kifuniko, nakaza tena:
mara ya kwanza kwa ajili yangu,
ya pili kwa Ijumaa ile.
Na chupa ikiisha, naenda duka la pembeni.
Keshia ananijua. Kila mara huuliza, leo unapika nini?
Samaki, namjibu.
Si uongo sana.