Ngazi ya Chaki

Jana ubaoni nilichora ngazi.
Chini kabisa seli, juu yake tishu,
ogani, mfumo wa ogani, kiumbe,
halafu kundi, jumuiya, mfumo wa ikolojia,
na kileleni, chaki imebaki kipande cha kucha,
nikaandika BIOSFIA
kwa herufi zilizoinama kama wagonjwa.
Kidato cha tatu wakanakili.
Kunakili nani asiyejua?

Leo bamvua, maji yametoka mbali.
Nimewateremsha mikokoni, huku Tumbe,
na fremu ya waya, mita kwa mita,
aliyoikunja Khatibu
kwa waya wa mamake wa kuanikia nguo
(ruhusa hakuomba).
Fumba macho, nikamwambia, tupa.
Ukichagua pazuri umeshadanganya.

Ikaangukia topeni.
Mwalimu, hapa hapana kitu.
Chutameni, nikasema.

Wakachutama. Dakika moja. Ya pili.
Tope likaanza kupumua.
Kaa akatoa jicho, akatoa la pili,
akatoa gando moja kubwa kuliko heshima yake.
Tondo saba, la, wanane,
wa nane ndani ya gamba lake kahamia kaa.
Mizizi ya mchu imechomoza
kama vidole vya wanafunzi wenye jibu,
na miche mitatu ya mkoko, majani mawili mawili,
haijui bado kama itaishi.

Huyu, nikasema, peke yake, ni kiumbe.
Wenziwe wa gando, hadi kule kwenye mililana, kundi.
Wao na tondo na mchu
na kulastara yule anayejifanya hatuoni, jumuiya.
Sasa tia tope. Tia chumvi, tia jua,
tia maji yanayokwenda na kurudi bila kuitwa.
Kaa akakokota jani la manjano
akalizamisha tunduni mwake, nusu chakula,
nusu litaoza, litaliwa na wadogo wasioonekana,
nao wataliwa na kamba,
na kamba, akamalizia Riziki, na sisi,
kwa ndimu.

Wakacheka. Mgeni Shaame hakucheka.
Mwalimu, akauliza, baba yupo ngazi ya ngapi?

Kimya. Babake kila mtu anamjua.
Tanuri lake liko nyuma ya minazi,
matumbawe juu, magogo ya mkoko chini,
moshi siku mbili, ndipo chokaa.
Kufika hapa tulipo
tumeruka visiki kumi na vinne.
Mgeni alivihesabu. Nilimwona akihesabu.

Ningeweza kumjibu kwa kitabu: mlaji.
Lakini nikaona ukuta wangu, mweupe,
magunia mawili aliyoniletea mwezi wa Shaabani
akapunguza bei kwa kuwa namsomeshea mtoto.
Nikaona vidole vyangu, vumbi la chaki kwenye kucha,
chaki, ndugu yake chokaa.

Ngazi niliichora vibaya, nikasema.
Apandaye ngazi huacha kidato nyuma.
Hapa hakuna anayeacha kitu nyuma.
Babako ana seli kama za kaa huyu,
ni mmoja katika watu wa Tumbe,
yumo jumuiya moja na tondo asiyemjua jina,
na moshi wake haukomei minazini,
unapanda hadi kule nilikoandika
kwa herufi zilizoinama.
Yupo kote, Mgeni. Kwa wakati mmoja.

Na wewe, mwalimu?

Na mimi.

Hakuandika.
Maji yalikuwa yameanza kurudi, kimya kimya,
yanaramba waya upande wa kaskazini,
na Khatibu, penseli mdomoni, akaniita.
Kuna tundu, mwalimu, kaa hayumo.
Tunamhesabu?

Wengine wakasema la, hayupo hayupo.
Mgeni akapiga magoti, akatia kidole,
akakitoa kimelowa.
Andika tundu, akasema.