Chupa Tatu za Chelimo

Chelimo amezileta kutoka Uingereza, kila moja ndani ya soksi.
Tumeketi jikoni, Njoro, mvua inatwanga mabati.

Ya kwanza ina rangi ya turungi, povu hakuna.
Koros, shemeji yangu, anauliza kama imechacha.
Ndivyo wanavyoinywa, nasema: vuguvugu,
kama uji wa mgonjwa.

Ya pili inauma nyuma ya ulimi,
mwarobaini uliopitia mzingani.
Hapo nikanyamaza.
Miaka thelathini nimelima shayiri Mau Narok,
nimepima ukavu wake kwa jino,
nimepakia magunia, lori likateremka Nakuru,
wala hakuna aliyeniuliza ina ladha gani.

Ya tatu Koros kaimimina nusu kwenye sufuria ya mbuzi.
Hatukumlaumu. Ulikuwa mchuzi.

Chelimo ana daftari, anataka alama, kumi kwa kumi.
Mwanangu, alama ni za shule.
Andika tu kwamba kwenye ile ya pili, baada ya uchungu,
baba yako alikutana na punje anayoijua,
ya mkulima mwingine,
mwenye tope la rangi nyingine viatuni,
naye pia, nadhani,
hajaulizwa.