Kituo cha Nne

Leo naitwa Moira Lennox, miaka hamsini na minane,
tumbo laniuma upande wa kulia tangu Jumanne.
Nimeyahifadhi maumivu haya kama mtoto na juzuu yake:
yaanzia wapi, yahamia wapi, saba juu ya kumi.
Nje, Dundee yanyeshewa mvua nyembamba ya Mei.
Kengele ya kwanza.

Dakika nane kila mmoja.
Wanaingia wakinukia dawa ya mikono,
wanajitaja, wananiuliza jina,
wanaomba ruhusa kabla ya kunigusa.
Kule Muheza, enzi za unesi wangu, nani aliomba?
Foleni ilifika hadi jikoni.
Tuligusa kwanza, tukauliza baadaye,
na hadi leo nawakumbuka waliofumba macho.

Wa tatu ana vidole vya barafu.
Wa tano anamweleza mtahini yaliyo ya kuelezwa mimi.
Wa saba, Fearghas, mrefu kama mlingoti wa taa,
anabonyeza huku akinitazama uso,
maana uso hukiri kabla ya mdomo.
Pembeni, Dakta Petrie anatia vema.

Wa tisa ni Ishbel.
Amesahau kunawa; anakumbuka, anarudi kwenye sinki,
dakika nzima yaenda na maji.
Kisha anauliza, swali la kumi na nne kwenye orodha:
“Nyumbani unaishi na nani?”

Jibu la Moira nalijua: na mume wangu Alec, na paka.
Nafungua kinywa, latoka langu:
“Peke yangu. Tangu Novemba.”

Anaweka kalamu chini.
Ile pole ya kukariri haisemi.
Anasogeza kiti, kidogo tu, ananyamaza nami,
mpaka kengele inalia
na tumbo langu halijaguswa.

Tumbo: sifuri. Atarudia mtihani Agosti,
na ni haki. Nimewahi kumfunika mtu shuka
kwa sababu tumbo lake halikuguswa mapema.
Kwenye fomu ya Petrie hakuna kisanduku cha kunyamaza.
Ila chini kabisa pana kimoja, cha mgonjwa wa kuigiza:
Je, ungependa kuhudumiwa tena na huyu?
Natia vema. Kalamu inatoboa karatasi.

Nalala chali. Wa kumi anabisha hodi,
mikono yake mikavu, mpangilio wake safi,
anafika la kumi na nne bila kuinua macho.
“Na Alec,” namjibu. “Na paka.”