Dirisha Lisiloingiza Vumbi

Kabla haijawa studio ilikuwa ghala la zabibu.
Hadi leo, taa zikishika moto,
kuta hutoa jasho tamu, la chachu,
na nzi mmoja au wawili wenye kumbukumbu
huja kutafuta mavuno ya watu wa Hombolo
juu ya meza ya taarifa ya habari.

Meza yenyewe ni uso tu.
Mbele plaiwudi iliyopigwa vanishi mara tatu,
inang'aa kama jeneza la tajiri;
nyuma misumari, ndoo,
waya zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na miguu ya Sechelela ndani ya kandambili.
Juu koti la bluu. Chini kanga ya juzi.
Heshima inaishia ukingoni mwa meza.

Mimi ni Chilewa, fundi taa.
Kazi yangu ni kutengeneza mchana mdogo,
mita nne kwa tano.

Taa tulizoletewa zilikuja na karatasi ya maelekezo:
hii kulia, hii kushoto, ile kisogoni.
Nikafuata. Sechelela akatoka majivu.
Si mweusi, si mweupe: majivu ya jiko lililozimwa,
na paji la uso linameta kama sufuria.
Nyemo wa poda akaongeza poda. Nikasema acha,
uso hauna kosa.
Usiku ule nikachukua bati bovu, nikalipaka
rangi niliyoikoroga kwa udongo wa Chang'ombe,
nikaigeuza taa ilitazame bati, impe mtu kisogo,
ili mwanga umfikie ukiwa umeshapita nyumbani.
Hapo shavu likarudi. Hapo nikaona
ana kovu dogo chini ya jicho, la utotoni,
na kwamba hasomi jina la kijiji
kabla hajameza mate.

Nyuma yake tukaweka dirisha.
Si dirisha: picha ya dirisha,
imechapwa Dar, ikaja kwa basi imeviringishwa,
mji wa usiku, majengo marefu, barabara inameremeta,
mji ambao mkurugenzi anasema ni Dodoma.
Nimeutafuta kutoka Mlimwa hadi Nkuhungu.
Labda haujaamka.

Mama yuko Mvumi. Habari huzitazama kwa jirani
mwenye sola. Siku moja akanipigia:
"Mwanangu, yule binti anasoma vizuri.
Amesema chakula hakitafika Desemba,
na kweli hakitafika.
Lakini lile dirisha lake,
mbona haliingizi vumbi?"

Nikasingizia mtandao.

Kesho yake, robo saa kabla ya saa mbili,
nikatoka nje na kitambaa kikavu,
nikapangusa boneti ya gari la mkurugenzi,
nikaja kukikung'uta mbele ya mji ule.
Kidogo tu. Pembeni, chini, kama Agosti inavyofanya.
Kwenye kamera, picha ikapata umbali.
Taa za majengo zikapunguza majivuno.
Sechelela akageuka, akatazama, akapiga chafya,
kisha: "Mtazamaji, hujambo."

Mkurugenzi alikuja juu. Akaagiza maji, akaagiza sabuni.
Dirisha likasuguliwa hadi wino ukaanza kutoka,
jengo moja likapoteza ghorofa mbili za juu.
Mimi nikakatwa siku tatu.

Niliporudi nililikuta na rangi ileile ya udongo,
palepale, pembeni, chini.
Nikamwangalia Sechelela. Akaapa si yeye.
Mlinzi akaapa. Nyemo akacheka tu.
Mlango haukufungwa vizuri, basi,
na nje upepo ulikuwa unatoka Kizota
bila kujua kwamba humu ni studio.

Nikawasha taa ya kwanza.