Bendera ya Kijani

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa gadi wa treni,
Tabora kwenda Mpanda, Mpanda kurudi Tabora,
na mkononi mwangu rangi zilikuwa mbili tu:
nyekundu, dunia isimame;
kijani, twende.

Muuguzi wa Kitete hakuwa na bendera.
Aliufungua mkanda wa presha, chraa,
akaitazama namba kama mtu aliyeona ng'ombe relini.
"Babu, chumvi punguza. Majani ongeza."
Majani! Kwani mimi mbuzi?

Kalunde akatuma blenda kutoka Mwanza,
kaivingirisha kanga ili isivunjike,
na maelekezo kwa simu, mara tatu, polepole,
kama anayemfundisha mtoto kufunga kiatu:
mchicha konzi mbili, tango nusu,
machungwa mawili, chenza moja, tangawizi kidole,
asali kijiko, kimoja, baba, si kikombe,
na toa mbegu. Usisahau mbegu. Mbegu zinatia uchungu.

Huu ni mwezi wa saba. Alfajiri ya Ng'ambo
ina baridi ya kung'ata masikio,
maji ya mtungi yanauma meno,
na ndio msimu ambao machungwa, kwa ukaidi wao,
hujaa utamu wakati kila kitu kingine kimekauka.
Chungwa la kwetu halijui kwamba kuna rangi ya chungwa.
Linaiva ndani ya koti lake la kijani;
ukilingoja ligeuke, litaoza unalitazama.
Nilimwuliza muuzaji, "Yameiva haya?"
Akapasua moja bila kujibu,
akanipa nusu.
Nikanyamaza, nikalipa.

Nimeosha mchicha maji matatu;
mchanga bado umo, mchanga wa Tabora haufukuziki.
Nimemenya machungwa kwa kisu cha Nshoma.
Ganda halikutoka mkufu mmoja kama lake,
lilitoka vipande vipande kama tiketi zilizotobolewa.
Nimetia vyote, nimefunika, nimebonyeza.
Blenda ikanguruma kama injini inayopanda mlima,
majani yakazunguka, yakazama,
kijani kikaanza kupanda kwenye kioo,
kisha kimya.

Umeme.

Nikabaki nimesimama
kama treni iliyokwama Kaliua usiku,
abiria nusu wamesagika, nusu wazima.

Ndipo nikakiona kinu.
Kiko nyuma ya mlango, mdomo chini,
tangu arobaini ya Nshoma hakijageuzwa.
Alikuwa akitwangia humo nsansa, karanga,
na maneno ambayo hakutaka kuniambia uso kwa uso.
Nikakigeuza. Buibui akatoka bila kuaga.
Nikakiosha, nikamimina, nikatwanga.

Du. Du. Du.
Kinu hakijui kuwa anayetwanga si yeye.
Mama Shija akachungulia juu ya ua wa mabua,
mkono kifuani, akaona ni mimi,
akasema, "Ooh," akarudi ndani.
Nikaendelea.
Ganda la chenza likirusha maji yake machoni, mtu hulia;
hilo linajulikana.

Nikachuja kwa kichujio cha chai.
Glasi moja, nzito, kijani cha bendera yangu
kabla jua la stesheni halijaipausha.
Nikainyanyua dirishani.
Hakuna treni iliyokuwa ikisubiri.

Tangawizi inapiga kwanza, kisha chungwa linaomba radhi.
Na mbegu moja ilinipita, nikaitafuna:
chungu kweli, kama alivyosema.

Simu ikalia. "Baba, umekunywa?"
"Nimekunywa."
"Yote?"
"Yote."
Nikakata, nikaitazama nusu iliyobaki,
nikaimalizia hapo hapo, nimesimama,
ili lile neno lisichelewe sana kuwa kweli.