Safu ya Uvira

Sahani yetu ni ya bati, imepakwa rangi nyeupe,
imefungwa kamba yenye kifundo kila mita.
Kila Jumatano ya pili Ntahondi huzima injini
mbele ya rasi ya Bangwe, nami naishusha
nikihesabu vifundo mpaka weupe umezwe.
Kumi na moja. Naandika kumi na moja.
Kisha kipimajoto, kisha chupa,
kisha Ntahondi anauliza, kama ada yake:
"Haya maji, dada, bado hamjamaliza kuyapima?"

Hatujamaliza.
Ziwa moja, nchi nne, madaftari manne.
Bujumbura huandika nyuzi ishirini na sita, mkato, tatu;
Mpulungu hutia nukta;
na mashine yetu, ikikutana na mkato, huumeza,
ikatuambia ziwa limechemka: nyuzi mia mbili sitini na tatu.
Tulicheka wiki nzima, kisha tukakaa kitako.
Dagaa wetu kaskazini ni ndagala, kusini ni kapenta.
Mgebuka akivuka usiku, kunakucha yeye ni mukeke,
bila pasi, bila muhuri, bila kujua
kwamba tumemhesabu mara mbili.

Sichilima wa Mpulungu hupiga simu kwa Kiswahili cha kuokoteza,
Nduwayo wa Bujumbura humjibu kwa Kifaransa,
nami katikati na Kiha changu,
ambacho na Kirundi huombana chumvi juu ya ua.
Tunaelewana. Si haraka, lakini tunaelewana.

Safu ya Uvira ndiyo iliyokuwa tupu.
Machi, tupu. Aprili, tupu.
Tulisikia habari za milio milimani, za minara iliyonyamaza.
Profesa wa ng'ambo, mtu mwema, mwenye haraka,
aliandika: Uvira tuikadirie. Ijazwe kwa wastani wa jirani.

Wastani wa jirani.
Nilikaa na maneno hayo
kama mtu aliyeletewa nguo za marehemu
kabla msiba haujatangazwa.
Nikajibu: tusubiri.
Akajibu: jarida halisubiri.

Oktoba, Kibirizi, boti la mizigo linashusha madumu ya mawese.
Kijana nisiyemjua ananiuliza, "Wewe ndiye Mama Vipimo?"
na kunikabidhi daftari la shule ndani ya nailoni,
kurasa zimelainika kwa mafuta.
Mwandiko wa Lwaboshi.
Machi. Aprili. Mei. Kila Jumatano ya pili.
Sahani ya kituo iliibwa, ameeleza,
akachukua mfuniko wa sufuria ya mkewe, akaupaka chokaa,
na pembeni, kwa herufi ndogo, ameomba radhi:
*chokaa hutoka, napaka upya kila safari,
kosa la nusu kifundo lawezekana.*
Siku moja tu imeruka. Hapo ameandika: *sikuweza.*
Hakuandika zaidi.

Usiku ule niliingiza tarakimu zake,
umeme ulipokatika nikaendelea kwa tochi ya simu,
nikigeuza mkato kuwa nukta, mmoja mmoja, kwa kidole.
Nilipofika penye *sikuweza* mashine iliuliza: nijaze?
Niliikataza.

Makala ilitoka mwaka uliofuata.
Majina kumi na mawili juu, yakiwemo yetu.
Lwaboshi yuko chini kabisa, kwenye shukrani,
baada ya mfadhili, kabla ya mafuta ya boti.
Nimeandika barua. Nduwayo ametia sahihi,
Sichilima ametia sahihi,
Ntahondi, ambaye hakuna aliyemwomba,
ametia dole gumba lenye grisi.
Haijajibiwa.

Leo ni Jumatano ya pili tena.
Moshi wa kiangazi umefuta milima,
kaskazini hakuna kitu, ni weupe tu,
na ndani yake, saa tatu hii,
kuna mtu anashusha mfuniko wa sufuria.
Tisa. Kumi. Kumi na...
ngoja, Ntahondi, usiwashe.
Bado naiona.