Kichaka cha Mpakani

Kimesimama pale shamba langu linapoishia
na la dada yangu Mwanahija linapoanzia,
Magoroto, juu ya Muheza, penye ukungu
unaochelewa kuondoka kama mgeni aliyenogewa na chai.
Kimo: kimo changu na nusu yake.
Gome: la kijivu, linabanduka kidogo.
Ndivyo nilivyofundishwa kuandika kule Amani,
nilipokuwa nikibana majani kati ya magazeti
na kukaza mkanda kwa goti.

Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana.
Hakuna lililotangulia jingine.
Mpita njia huyatazama akasema: mbuni huu.
Shekalaghe, jirani, alisema hivyohivyo,
akachuma vitunda vyeusi debe zima,
akaanika, akakaanga, akatwanga, akatuita.
Tulikunywa. Hakuna aliyesema kitu.
Mbwa wake alikinusa kikombe, akaenda zake.

Ni ukoo mmoja na mbuni, nilimwambia,
lakini ukoo si ladha.

Ukitaka kuujua ukoo, yaache majani.
Tazama kati yao:
kikonyo kinapoagana na shina upande huu
na mwenzake upande ule,
pana kigamba kidogo chenye ncha,
kama pindo la kanga lililochomekwa kiunoni.
Si jani. Si mwiba. Hakina upande.
Kililinda chipukizi kabla majani hayajafunguka;
kazi imekwisha, na bado kipo.
Sisi tulikuwa na mama.

Inua jani, likingie jua:
utaona madoa meusi, kama wino uliorukia karatasi.
Mara ya kwanza nilidhani ni maradhi.
Bwana Kihiyo akacheka, akanipa lenzi.
Wapangaji hao, alisema, vijidudu.
Hawakubisha hodi. Wamerithiwa,
mbegu hadi mbegu.

Masika ikishika, maua hutoka kwa vishada,
meupe, kila moja mrija mwembamba
na petali nne (hesabu tena, si tano),
zilizosokotwa ndani ya tumba kama mwavuli uliofungwa.
Katikati huchomoza uzi mrefu kuliko ua lenyewe,
umejitwisha chavua ya nyumbani kwake
na hauitumii.
Unangoja. Usiku nondo huja,
hupakwa usoni, huondoka bila kuaga.
Mzigo ukiisha, ndipo ncha hufunguka
kupokea cha wengine.
Usiku wa kwanza kutoa, wa pili kupokea,
asubuhi ya tatu rangi ya chai ya maziwa,
na chini.

Baada ya arobaini ya mama alikuja mpima ardhi
na kamba, na bikoni mbili za saruji.
Akasema: hiki kikatwe, bikoni ikae hapa.
Mimi na Mwanahija tukasema *hapana*
kwa pumzi moja, kila mtu na mkono kiunoni,
kisha hatukutazamana.
Ndilo neno pekee tulilokubaliana mwaka ule.
Bikoni ilisogezwa hatua moja.
Kwa upande gani, tunabishana mpaka leo.

Jana nimekata kitawi chenye ua na tunda pamoja.
Tunda bado limevaa juu vijimeno vya ua lililoanguka,
taji ya aliyekwisha ondoka.
Nimekitandaza, nimekibana, nikaandika lebo.

Mahali: Magoroto, Muheza, Tanga.
Makazi: mpakani.
Harufu: ya usiku, tamu, haina mipaka.
Jina la wenyeji:

Mama alilitaja kwa Kibondei.
Nilikuwa mtoto, nakimbiza kuku, sikulishika.
Mwanahija alikuwa jikoni naye. Analo.
Nimemtuma mtoto mara mbili kwenda kumuuliza.
Jibu ni lilelile: mwambie aje mwenyewe.

Nikaacha nafasi. Kisha nikaona aibu
kupeleka Amani karatasi yenye pengo,
nikajaza, kwa penseli, kwa herufi ndogo:
*linajulikana ng'ambo ya kichaka.*